Uzi: Kubusti gari lililoisha betri. Kibanio cheusi cha mwisho kisiguse betri iliyokufa

Fundi wa Ngamiani

Habari za usiku ndugu zangu. Nimetoka kumwona kijana mmoja ambaye jicho lake la kushoto lilibaki kidogo tu liende, na nimeona nisilale kabla sijaandika.

Alhamisi iliyopita tulikuwa harusini Chumbageni, hapa Tanga mjini. Baada ya isha, watu wanaanza kutawanyika, Noah moja ikagoma kuwaka. Mwenyewe alikuwa ameacha taa tangu magharibi. Vijana wakaleta Hilux, ikasogezwa pua kwa pua, waya za kubusti, zile za kuazimia umeme kwenye betri ya gari jingine, zikatolewa. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo nikisubiri wenzangu. Nikawaona wamefunga vibanio vyote vinne juu ya vichwa vya betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hilux ikapigwa resi kama dakika kumi. Kisha kibanio cheusi cha upande wa Noah kikateleza. Kijana akainama, akakirudisha palepale kwenye kichwa cha hasi. Niliona cheche ndogo ya buluu, na kabla sijafungua mdomo betri ikalipuka. Mlio wake ulikuwa kama tairi la lori limepasuka. Mfuniko uliruka, yeye akashika uso.

Kilichomwokoa ni pipa la maji ya kunawa lililowekwa kwa ajili ya wala pilau. Tulimlaza ubavu, jicho lililorukiwa na asidi ya betri likiwa chini. Dada mmoja akamshikilia kope zisifumbe, mimi nikawa nateka maji kwa jagi na kuyamwaga polepole, yaanzie upande wa pua yatoke nje, asidi isikimbilie jicho la pili. Tulikwenda hivyo dakika 20, nikiangalia saa. Alikuwa analia tumwache, hatukumwacha. Ndipo tukampeleka hospitali. Asubuhi mama yake alinionyesha kanzu aliyovaa: kifuani kote imetoboka vitundu vidogo vidogo, ukiigusa kwa kidole inaachia kama karatasi iliyolowa.

Mimi ni fundi umeme wa magari, huu mwaka wa 19. Kijana yule hakufanya uzembe. Alifanya alichoona wakubwa zake wanafanya kila siku. Ndiyo maana naandika.

Betri ya gari ni madini ya risasi na asidi. Inapochajiwa, hasa kwa kasi, maji yaliyomo ndani yanavunjika na kutoa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, inaweza kushika moto. Ile betri ya Noah nilikuja kuichungulia baadaye: maji yalikuwa yameshuka chini ya sahani za risasi, kwa hiyo pale juu kulikuwa na nafasi kubwa ya gesi kujikusanya. Wameichaji dakika kumi, gesi imejaa, halafu cheche ikapigwa juu yake kabisa.

Sasa shikeni hili. Unapofunga waya za kubusti, kibanio cha mwisho ndicho kinachokamilisha njia ya umeme, na hicho ndicho kinachotoa cheche. Huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuchagua itokee wapi. Kwa hiyo kibanio cha mwisho, ambacho ni cheusi, unakipeleka kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, boliti nene isiyo na rangi wala mafuta, mbali na betri. Umeme unapita vizuri tu, kwa sababu hasi ya betri imefungwa kwenye bodi na injini tangu kiwandani.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Magari yasigusane. Yote mawili yazimwe, gia iwe P, au huru kama ni gari la klachi, hendibreki juu, taa, redio na AC vizimwe. Vua pete, bangili na saa. Wasiohusika wasogee nyuma, na asiwepo mwenye sigara. Nyekundu ya kwanza inakwenda kwenye chanya ya betri iliyokufa, ile ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi inaanzia kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma cha injini ya gari bovu. Ukiwa unafunga hicho cha mwisho, uso wako uwe pembeni, usiwe juu ya betri.

Washa gari zima, liungurume dakika tano hadi kumi, bila kulipigia resi za kukomoa. Kisha jaribu lile bovu. Usipige starta, ile mota inayozungusha injini, zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Likikataa, subiri dakika moja starta ipoe. Likiwaka, liache liungurume dakika chache kabla ya kufungua chochote, na uwashe feni ya ndani ili umeme ukiruka upate pa kwenda. Kufungua ni kinyume cha kufunga: unaanza na nyeusi ya kwenye chuma, halafu nyeusi ya betri nzima, halafu nyekundu ya betri nzima, unamalizia na nyekundu ya gari lililokuwa bovu. Vibanio visigusane vikiwa bado vimeshika popote.

Betri iliyovimba, iliyopasuka, au inayonuka mayai viza, usiibusti kabisa. Iache.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

Dada wa Chumbageni

Pole kwa huyo kijana, na Mungu akulipe kwa yale maji. Nilikuwepo harusini, mimi niliusikia mlio nikadhani fataki.

Mimi naendesha IST, mara nyingi nipo na watoto tu. Swali langu ni la nyuma zaidi. Gari likigoma nitajuaje kama ni betri au kitu kingine? Maana kila anayepita atasema "betri hiyo", na tunaanza kufungua waya bila sababu.

Fundi wa Ngamiani

Swali zuri sana dada yangu. Sikiliza gari kabla hujafungua boneti.

Ukipiga starta ukasikia tik-tik-tik-tik za haraka, na taa za dashibodi zinafifia au zinacheza, betri ndiyo imechoka, au vichwa vyake havijashika. Ukisikia "tak" moja nzito halafu kimya, na taa zimebaki kali kama kawaida, shuku starta. Kimya kabisa, hakuna taa hata moja, anza na vichwa vya betri. Nimeitwa mara nyingi kubusti gari, nikafika nikakuta kichwa cha hasi kinazunguka kwa vidole. Spana namba 10, nusu dakika, gari linawaka. Na kama injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki, hapo betri haina kosa, tafuta mafuta au plagi.

Kwa mtu aliye peke yake usiku, washa taa ya ndani uiangalie wakati unapiga starta. Ikizimika kabisa unapopiga, betri haina moto. Ikibaki vilevile, kubusti hakutakusaidia.

Konda wa Zamani

Fundi, kwa heshima zote. Nimekaa kwenye mabasi ya Tanga–Dar miaka mingi, na kila asubuhi stendi tulikuwa tunabusti. Zote nne kwenye betri, hatujawahi kulipua kitu. Kukitafuta chuma kisicho na rangi gizani saa kumi na moja alfajiri, abiria wamejaa, ni kupoteza muda.

Fundi wa Ngamiani

Kaka, nakuamini kwamba hamjawahi. Hata mimi miaka yangu ya mwanzo nilifunga hivyo na sikulipua. Betri nyingi zitakuvumilia: maji yamo ya kutosha, upepo unapita, gesi imetawanyika. Ila wewe unayeinama hujui ile iliyo mbele yako imekaa vipi ndani. Kijana wa Alhamisi naye asubuhi ya siku hiyo angesema hajawahi.

Na chuma si kigumu kukipata. Kwenye Toyota nyingi kuna ndoano ya chuma juu ya injini, ile ya kunyanyulia injini kwa winchi. Haina rangi nene na inashika kibanio vizuri. Itafute mchana gari likiwa zima, mkono uizoee. Usifunge kwenye bomba la mafuta, wala karibu na feni au mkanda, maana gari likiwaka waya utavutwa.

Konda wa Zamani

Ndoano ile naijua. Sikuwahi kufikiria inaweza kazi hiyo. Haya, nimekupata.

Mchungwa Muheza

Ngoja niwape langu, huenda likamwokoa mtu.

Msimu wa machungwa uliopita niliingia shambani na Vitz. Niliacha mlango wa nyuma haujafunga vizuri, taa ya ndani ikakesha. Asubuhi gari kimya. Pale shambani kulikuwa na lori linapakia machungwa, dereva mtu mwema kabisa, akasema lete waya. Tukafunga vizuri, nyekundu na nyeusi kila moja mahali pake. Nilipogeuza swichi tu taa za dashibodi ziliwaka kwa ukali ambao sijawahi kuuona, kama taa za uwanja, halafu redio ikatoa moshi. Harufu ya plastiki inayoungua ilikaa ndani ya gari wiki nzima.

Lori lilikuwa la volti 24. Vitz ni 12. Hakuna kati yetu aliyewaza. Kontrol boksi, ile kompyuta ya gari, iliondoka, pamoja na redio na taa kadhaa. Fedha yote ya machungwa ya msimu ule iliishia kwenye gari.

Fundi wa Ngamiani

Pole sana ndugu yangu. Ahsante kwa kulisema, maana watu wengi huona haya kulisimulia na wenzao wanaangukia palepale.

Malori makubwa na mabasi mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja na hasi ya nyingine, zinatoa 24. Hata Coaster zipo za 24. Ukichukua ncha mbili za mwisho unapeleka 24 kwenye gari dogo. Kabla ya kufunga waya hesabu betri za anayekusaidia. Ukikuta mbili, simama, uliza, soma maandishi.

Wapo madereva wanaosema "chukua betri moja tu kati ya zile mbili". Kwa hesabu ni 12 kweli. Ila ukiotea ile ya juu, yaani ambayo hasi yake imefungwa kwenye chanya ya mwenzake, hasi hiyo haiko sawa na bodi ya lori, iko volti 12 juu yake. Magari yakigusana bampa, au kibanio kikaangukia chuma cha lori, unapata shoti ya kuyeyusha waya. Kama uko porini na lori ndilo pekee lililopo, fungueni betri moja kabisa, ishushwe chini, ikae peke yake kama betri ya volti 12, uibustie gari, halafu irudishwe. Ni kazi ya robo saa. Vitz nzima ina thamani kuliko robo saa.

Kijana wa Sahare

Mimi nina Aqua. Nikifungua boneti sioni betri! Na nasikia ina umeme wa kuua mtu. Niguse nini, nisiguse nini?

Fundi wa Ngamiani

Aqua na Prius ni haibridi, yaani zinatumia injini pamoja na mota ya umeme, na zina betri mbili za aina tofauti. Kuna kubwa yenye volti nyingi sana, ambayo nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Popote unapoona waya wa chungwa, mkono wako usifike. Halafu kuna ndogo ya volti 12, kama gari lolote, nayo mara nyingi imefichwa huko nyuma, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Hiyo ndogo ndiyo inayokufa, kwa sababu inawasha kompyuta na rilei tu, na kompyuta zisipoamka gari haliingii READY, yaani haliwi tayari kutembea.

Chini ya boneti, kwenye boksi la fyuzi, kwa kawaida kuna kichwa maalumu chenye kifuniko chekundu. Hicho ndicho chanya yako ya kubustia. Nyeusi inakwenda kwenye chuma kama kawaida. Haihitaji umeme mwingi, maana starta haipo kama ya magari mengine. Betri kubwa ndiyo inayozungusha injini.

Ila wewe usimbusti mtu mwingine kwa Aqua yako. Mfumo wake mdogo haukutengenezwa kutoa umeme mkubwa wa starta ya gari jingine. Kataa kwa upole, msaidie kutafuta gari lingine.

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Nimesoma yote. Nilifundisha fizikia, nami naomba nichangie kidogo.

Betri hii ya risasi na asidi aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa takriban volti 2.1, jumla 12.6. Ndiyo maana betri nzima iliyopumzika haisomi 12 kamili, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imeisha, ingawa namba inaonekana bado ni kubwa. Wanafunzi wangu walikuwa wanashangaa: tofauti ya kujaa na kuisha ni chini ya volti moja.

Kuhusu starta, magari ya zamani yaliwashwa kwa hendeli mbele. Mimi nimeyaona malori ya namna hiyo nikiwa mdogo. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inavunja mkono. Starta ya umeme ilitokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac waliiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912. Toka hapo betri ikawa roho ya gari.

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Hizo namba za volti nimeziandika kwa chaki ukutani pale gereji, vijana wangu wanaziangalia kila siku.

Niongeze la hapa kwetu. Joto la pwani linaua betri kuliko watu wanavyodhani. Linakausha maji na kuharakisha kuoza kwa sahani. Na hewa ya chumvi, hasa kwa wanaoegesha Raskazone na kule Sahare karibu na maji, inaleta ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa. Unga huo unazuia umeme. Betri nzima, altaneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka) nzima, lakini umeme haupiti. Fungua hasi kwanza, halafu chanya, mwagia maji ya moto yaliyokorogwa magadi, yatachemka povu, sugua kwa brashi ya waya, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kisha paka grisi au vaselini. Kwa nini hasi inatoka kwanza: spana ikiteleza kutoka chanya ikagusa bodi huku hasi imefungwa, inapiga shoti papo hapo na inakuwa nyekundu mkononi mwako. Nimemwona mtu mwenye alama ya pete iliyomuungulia kidoleni hivyo. Ngozi imeacha duara kamili.

Kama betri yako ni ya maji, ile yenye vifuniko sita, angalia maji kila mwezi. Ongeza maji ya betri yale ya dukani, usiongeze asidi, na usitie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi.

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Marahaba mwanangu. Endelea kufundisha.

Dereva wa Pangani

Fundi, nina jambo linanisumbua. Altaneta yangu ilishukiwa, nikaenda kwa fundi mmoja, akawasha gari, akachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Akasema "ikizimika altaneta mbovu, isipozimika nzima". Haikuzimika. Lakini toka siku hiyo taa ya injini imewaka dashibodi na gari linakosa nguvu. Inahusiana?

Fundi wa Ngamiani

Siwezi kusema bila kuliona gari, ila jambo hilo limeharibu magari mengi na naomba lisimame.

Betri pamoja na kuhifadhi umeme inafanya kazi ya kuutuliza. Altaneta inapokuwa inatoa na ghafla ukaondoa betri, volti inaruka kwa kufumba na kufumbua hadi makumi. Magari ya zamani ya kabureta yalikuwa yanavumilia kwa sababu hayakuwa na kompyuta. Gari la leo lina kontrol boksi ya injini, ya gia, ya airbegi. Yoyote inaweza kuungua, au kuumia nusu na kukusumbua miezi.

Altaneta inapimwa kwa mita. Gari limezimwa na limepumzika, 12.6. Gari linawaka, uwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itaichemsha betri. Mita ndogo ya dukani inatosha. Fundi yeyote wa umeme anapaswa kuwa nayo. Asipokuwa nayo, mwambie kwa adabu utarudi siku nyingine.

Ukifika mjini pita Ngamiani, uliza watu wa barabara ya 12, watakuelekeza. Nitalisoma kwa kompyuta.

Mkwezi wa Lushoto

Sisi huku milimani tunasukuma tu, gari linashuka, linawaka. Hakuna waya.

Fundi wa Ngamiani

Gari la klachi, sawa, linawezekana: swichi iwe imefunguliwa, gia ya pili, klachi chini, likishika mwendo achia. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na magari mengi tunayoendesha sasa ni otomatiki, kwa hiyo wasihangaike watu.

Ila ndugu yangu, mteremko wa Lushoto na gari lililozimika ni jambo linalonitia hofu. Injini ikiwa imezimika, breki zinakuwa nzito baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani unakuwa mgumu. Lisipowaka kabla ya kona, huna cha kulisimamishia isipokuwa nguvu ya mguu. Sukumeni kwenye tambarare.

Dada wa Chumbageni

Nimekwenda dukani leo kutafuta waya. Kuna za bei ndogo nyembamba na za bei kubwa. Muuzaji anasema zote sawa, unene ni plastiki tu.

Fundi wa Ngamiani

Si kweli kwamba zote sawa, ila kuhusu plastiki ana ukweli wa nusu: zipo nene kwa nje na ndani ni nyuzi chache. Starta ya gari dogo la petroli inavuta ampea mia moja hadi mia mbili, dizeli zaidi. Waya mwembamba unapashwa moto, plastiki inalainika mkononi, na umeme unaofika upande wa pili ni kidogo. Unapiga starta, unasikia tik-tik, unadhani betri imekufa kabisa kumbe waya.

Angalia pale waya unapoingia kwenye kibanio. Shaba ni nyekundu-kahawia. Ukikwaruza kidogo ukaona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa IST yako tafuta shaba ya milimita 16 za mraba, kwa dizeli 25. Urefu wa mita tatu unatosha. Na meno ya kibanio yawe yameungwa na waya pande zote mbili, si upande mmoja tu. Waya za nyumba, zile za soketi, hata zikisokotwa mara nne, hapana.

Kuna na vile viboksi vya mkononi vya kubustia, vya lithiamu. Ni vizuri kwa anayetembea peke yake kama wewe, ila uvichaji kila baada ya miezi michache, na usiviache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kijana wa Sahare

Nikishabusti likawaka, nikienda kazini na kurudi betri inakuwa imejaa?

Fundi wa Ngamiani

Hapana. Altaneta imetengenezwa kutunza betri iliyojaa, si kuifufua iliyokufa. Safari ya dakika ishirini mjini, AC imewaka, taa zimewaka, inarudisha kidogo sana. Ipeleke ikachajishwe polepole usiku kucha, halafu ipumzike saa kadhaa, ipime. Ikirudi chini ya 12.4 bila kutumika, imechoka, nunua nyingine, na ufuate saizi ya gari lako, NS40, NS60, N70, kama ilivyoandikwa. Na kama betri mpya nayo inakufa kila baada ya siku tatu nne, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa: alamu, redio iliyofungwa vibaya, taa ya buti. Hicho kinatafutwa, hakibustiwi.

Fundi wa Ngamiani

Wengi mmeniuliza faragha kuhusu kijana. Leo bandeji imefunguliwa. Anaona. Daktari amemwambia kilichosaidia ni maji ya mapema, na mengi. Mwanga bado unamuumiza, anavaa miwani nyeusi. Mama yake ameomba kama kuna mwenye dumu la lita tano aliweke kwenye buti likiwa na maji safi, afanye hivyo. Nami naliunga mkono ombi lake: dumu la maji likae pamoja na waya za kubusti, sehemu moja, ukichukua hiki unakiona na kile.

Dada wa Chumbageni

Nimeanza kulitumia somo. Jana jioni nilikuwa Raskazone na wanangu, gari la jirani yetu mmoja, mzee, lilikataa. Tik-tik-tik, taa zinafifia. Nikamwambia, shikamoo baba, naomba nikusaidie. Kwanza nikahesabu betri, nikavua bangili nikampa mwanangu mkubwa ashike, nikawasogeza watoto hadi kwenye ukuta. Nilipofika kwenye cheusi cha mwisho yule mzee akanyoosha kidole kwenye betri yake, "hapo mwanangu, hapo kwenye mainasi." Nikamwomba radhi, nikaitafuta ile ndoano ya injini kwa tochi ya simu. Iko upande wa kulia, karibu na ukuta wa nyuma, imejaa vumbi. Nikaifuta kwa khanga, nikabana. Cheche ilitoka, ndogo kama ya kiberiti kibichi, kule mbali na betri. Mzee akaiangalia, akanyamaza.

Liliwaka mara ya pili. Ameniomba nimwandikie mpangilio kwenye karatasi, ataubandika ndani ya boneti.